Vijizee vya kofia nyekundu: tunavyodhani na ilivyo kweli

Vile vijizee vya udongo vyenye ndevu nyeupe na kofia nyekundu ya kuchongoka unavyoviona kwenye muvi vimesimama bustanini kwa wazungu, nomu wanavyoitwa, watu wengi wanaamini ni wa tangu enzi na enzi, yani mababu wa Ulaya walikua wanawasimulia hata kabla ya ukristo kufika. Sio hivo. Viumbe wafupi wa kuishi chini ya ardhi ndo wa zamani kweli, hao wapo kitambo kwenye hadithi za Wajerumani na za watu wa kaskazini, ila nomu kwa jina hilo katuletea daktari mmoja Mswisi, Paracelsus, kwenye kitabu kilichochapishwa 1566 mwenyewe akiwa ameshakufa miaka 25. Alipanga viumbe wa majini, wa hewani, wa motoni na wa ardhini, hawa wa mwisho ndo nomu wetu, urefu shibiri mbili tu na wanapita ndani ya mwamba kama wewe unavyopita kwenye hewa.

Sasa hayo mavazi? Migodini. Kuna daktari mwingine wa zama hizohizo, Georgius Agricola, alitibu watu kwenye mji wa migodi ya fedha wa Joachimsthal, na mwaka 1549 akaandika kuhusu vijitu ambavyo wachimbaji walikua wanadai wanaviona huko chini. Vina sura ya uzee, vimevaa kama wachimbaji wenyewe na ngozi imefungwa kiunoni, viko bize balaa, vinachimba, vinajaza, vinavuta mizigo juu, halafu ukiangalia hamna kazi hata moja iliyofanyika (kila ofisi ina mtu wake wa hivi). Saa nyingine vinakurushia vijiwe lakini havikuumizi, labda uanze wewe kuvicheka.

Kwa hiyo anayesema hizi ni stori za kubembelezea watoto anakosea, waliokua wanaogopa ni midume mizima yenye nyundo mkononi. Kulikua na jiwe fulani, ukiliona unasema hapa kuna fedha, ukilichoma hupati fedha unapata moshi wa aseniki ambao ni sumu kali, wakasema basi hawa ni kobold, mizimu ya mgodini, wametufanyizia. Msweden Georg Brandt alipokuja kutenga metali mpya kutoka kwenye mawe ya aina hiyo miaka ya 1730 jina la mzimu likang'ang'ania palepale, na ndo kobalti hiihii wanayoichimba ndugu zetu wa Kolwezi huko Kongo leo, inaishia kwenye betri za simu.

Eti ni vitu vya Waingereza. Viwanda vilikua Ujerumani, hasa kijiji cha Gräfenroda huko Thuringia, familia ya Griebel na wenzao walianza kuvifinyanga kwa wingi miaka ya 1870 na 1880. Uingereza viliingia mapema kidogo kupitia tajiri mmoja, Sir Charles Isham wa Lamport Hall, aliviagiza kutoka Nuremberg miaka ya 1840 akavipanga kwenye vilima vya mawe kama mgodi mdogo, vingine vikiwa vimegoma kabisa na bango lao wanadai masaa 8 ya kazi na shilingi 8. Amebaki mmoja tu, Lampy. Na hapo ujue vilianza kama fasheni ya wakubwa, dharau ya kwamba ni ushamba ilikuja baadae, mpaka maonyesho ya maua ya Chelsea yakavipiga marufuku, wakalegeza 2013 kwa sababu ya miaka 100 ya maonyesho.

Yule wa Krismasi mwenye kofia imefunika macho inaonekana pua tu, huyo sio nomu. Ni nisse, Wasweden wanamwita tomte, mlinzi wa shamba na mifugo, na ana hasira huyo! Kuna hadithi alipewa uji wake wa Krismasi akaona hauna siagi juu, akaenda zizini akaua ng'ombe, karudi kumalizia uji kumbe siagi iko chini ya bakuli.

La mwisho ni hili la kusema ni pambo tu halina maana yoyote. Mwaka 1964 pauni ya Uingereza ikiyumba wanasiasa wa chama cha Labour waliwatupia lawama wenye mabenki wa Uswisi wakiwaita nomu wa Zurich, kwa vile nomu anakaa chini akilinda hazina. Poland ndo kali zaidi, miaka ya 80 chini ya wakomunisti polisi wa Wrocław walikua wakipaka rangi kufuta maandishi ya kuipinga serikali, vijana wa kundi la Orange Alternative wanakuja kuchora kijitu cha kofia juu ya doa lilelile, baadae wakaandamana na kofia za rangi ya chungwa, hebu fikiria askari anaandika ripoti ya kumkamata mtu kwa kosa la kuvaa kofia ya kijizee. Siku hizi mji huo una visanamu vyao mamia vya shaba, mitaani, kwenye madirisha, milangoni mwa benki, na watalii wanapewa ramani ya kuvitafuta.