Kibuyu, supu ya sato na mchanganyiko unaojitenga

Asubuhi kwa mama lishe pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, supu ya sato huja na vijiduara vya mafuta juu yake. Usiinywe kwanza. Vitazame dakika mbili tatu: vidogo vinamezwa, vikubwa vinanenepa, na supu ikianza kupoa unabakiwa na macho machache makubwa yanayokutazama.

Supu ni mfano wa kuanzia tu, maana mafuta na maji hayajawahi kuchanganyika kikweli. Sisi wa hisabati tunavutiwa zaidi na mchanganyiko ambao ukiwa na joto ni kitu kimoja, ukipoa unajigawa wenyewe bila mtu kuugusa. Aloi za metali hufanya hivyo. Hata mafuta na kolesteroli vinavyounda utando kama ule wa seli, wenye unene wa takribani nanomita 5, vinaweza kujitenga hivyo. Mwaka 1958 John Cahn na John Hilliard, wakiwa Marekani, walichapisha hesabu ya nishati ya michanganyiko ya aina hii, na mlinganyo wenye majina yao tunautumia mpaka leo. Unasema kila kiungo hutafuta wenzake, na mpaka kati ya makundi una gharama, kwa hiyo hufupishwa kadiri inavyowezekana. Kazi yenyewe huzidi kuwa ya polepole: makundi yakifikia upana fulani dakika ya 1, upana huo utakuwa maradufu kwenye dakika ya 8, na maradufu tena kwenye dakika ya 64.

Sasa chukua kibuyu cha maziwa, kile chenye kiuno, tuseme mchanganyiko umepakwa kwenye ganda lake. Mpaka ukipita tumboni ni mrefu, ukipita kiunoni ni mfupi. Basi utahamia kiunoni, alimradi kiasi cha kila kiungo kinaruhusu. Umbo peke yake limeamua. Kwenye mpira hali ni nyingine: viungo vikiwa nusu kwa nusu, mpaka hujipanga kama ikweta, lakini ikweta ipi? Mpira hauna upande unaoupenda.

Hapo ndipo nasibu inapoingia. Molekuli hazitulii. Robert Brown aliona chembe zikichezacheza majini mwaka 1827, Einstein akaeleza sababu yake mwaka 1905, na mwaka 1970 mtafiti aitwaye Cook akauingiza mtikisiko huo kwenye mlinganyo wa Cahn na Hilliard. Wanafunzi wangu huuita kelele, na wengi hutaka kuufuta kama uchafu. Mimi nawakatalia. Mchanganyiko ulio sawasawa kila mahali, ukiunyima mtikisiko, mlinganyo utauacha vilevile hata uupoze namna gani. Hauna pa kuanzia.

Ila kelele nayo ina adabu zake, nami nilizijifunza kwa aibu. Kompyuta huugawa uso uliopinda katika pembetatu ndogondogo, kama viraka vya kitambaa vilivyoshonwa pamoja. Programu yangu ya kwanza ilimwaga namba za nasibu kwenye kila kiraka, nikaiacha ikaenda usiku kucha. Asubuhi picha zilipendeza kweli. Nilipojumlisha, kiungo kimoja kilikuwa kimeongezeka! Kimetoka wapi? Mitumbwi miwili ikigongana, dagaa wakamwagikia mtumbwi wa pili, mvuvi wa kwanza amepungukiwa kwa kiasi kilekile. Siku hizi nahesabu kinachovuka kila ukingo: jirani mmoja anatoa, mwingine anapokea.

Kosa la pili hujificha zaidi. Kiraka kidogo hutikisika kuliko kikubwa, kama vile uzito wa wastani wa dagaa kwenye kiganja unavyobadilikabadilika kuliko wa gunia zima. Eneo likiwa robo, mtikisiko wa wastani wake ni mara mbili. Kiunoni mwa kibuyu pembetatu huwa ndogo, kwa sababu pamepinda sana. Ukizipa zote kelele sawa, kiuno kitaonekana kimetulia kuliko kilivyo, nawe utaandika kwamba ni kazi ya umbo.

Kwa hiyo huanza na jaribio lisilo na mvuto wowote: mchanganyiko wa joto, usiotaka kujitenga, juu ya kibuyu kilekile. Napima mtikisiko wa kiunoni na wa tumboni kwa maeneo yanayolingana. Ukitofautiana, narudi kwenye programu.