Siku ya dripu, na siku ya kumi

Siku ya kimo, kama wagonjwa wenyewe wanavyoita dawa za saratani zinazopitia mshipani, huanza kwa kupimwa damu. Tunatazama chembe nyeupe, chembe nyekundu na chembe sahani, zile za kugandisha damu. Zikiwa zimeshuka sana, dawa haitolewi siku ile. Kwa mtu aliyesafiri usiku kwa meli kutoka Pemba, kuambiwa "rudi wiki ijayo" kunaumiza kuliko sindano. Aliyekuja peke yake hutoka akiamini ugonjwa umemshinda. Aliyekuja na mwenzake husikia tena, kwa sauti anayoizoea, kile alichokisema daktari: mwili unahitaji mapumziko kidogo, na dawa bado ipo inamsubiri.

Damu ikikubali, mgonjwa huwekewa kanula, kile kijimrija cha mshipani, hupewa kwanza dawa za kuzuia kutapika, kisha dripu yenyewe. Nyengine humalizika ndani ya nusu saa, nyengine huchukua siku nzima.

Nikiwa na neno moja tu la kumwambia shoga au sahibu anayemsindikiza mgonjwa, ni hili: utazame mkono. Zipo dawa za saratani ambazo zikivuja nje ya mshipa huunguza nyama. Mgonjwa akisema panachoma, au ukaona pamevimba au pamekuwa pekundu karibu na kanula, mwite muuguzi papo hapo, usingoje chupa imalizike. Nasisitiza kwa sababu mama zetu ni wavumilivu mno. Mkono unawaka moto naye anasema "si kitu, mwanangu". Vilevile dakika za mwanzo za dripu, kifua kikibana, mwili ukiwasha au uso ukianza kuvimba, sema. Hakuna muuguzi atakayekasirika kwa kuitwa bure.

Namkumbuka mama mmoja wa Kipemba aliyekuwa akija na shoga yake. Mwenzake huyo hakuwa na maneno mengi. Alikaa kwenye kiti cha pembeni, miyaa mapajani, akisuka ukili, na kila baada ya muda aliinua macho kuutazama mkono wa mgonjwa, kisha chupa, kisha akarudi kwenye ukili wake. Dawa ya yule mama ilikuwa doksorubisini, ile nyekundu. Alasiri alipokwenda chooni aliona mkojo mwekundu akapiga ukelele. Shoga yake akamjibu kutoka nje ya mlango: "Si tuliambiwa asubuhi! Ni rangi ya dawa hiyo, kesho keshokutwa itaondoka." Na kweli tulikuwa tumewaambia wote wawili. Mgonjwa siku ile husikia nusu ya maneno, nusu nyengine inachukuliwa na hofu. Kwa hiyo msindikizaji aje na daftari: aandike jina la dawa, vidonge vya nyumbani na saa zake, tarehe ya kurudi, na namba ya simu ya wodi.

Juu ya chakula, uji, boflo na chai ya tangawizi, au ndizi mbivu hutosha, kidogo kidogo, na maji kwa wingi isipokuwa daktari amekataza. Ila kuna jambo watu wetu hawalifikirii, nalo ni harufu. Pua ya mgonjwa wa kimo huwa kali. Kanga iliyofukizwa udi, marashi, samaki wa kukaanga kwenye kontena, vyote ni vya mapenzi, na vyote vinaweza kumtapisha. Siku hiyo njoo na nguo iliyofuliwa tu. Na kama nyumbani anatumia habbasoda, mwarobaini au dawa yoyote ya miti shamba, mtajieni daktari waziwazi. Baadhi huingiliana na dawa za saratani au kulielemea ini.

Kwa saa 48 hivi baada ya dripu, mabaki ya dawa hutoka kwa mkojo, kinyesi na matapishi. Anayesafisha avae glavu, choo kimwagiwe maji mara mbili, nguo zilizochafuka zifuliwe peke yake. Tahadhari ni hiyo tu. Saratani haiambukizi, mkumbatie, kaa naye, lala naye chumba kimoja. Inaniuma kila nikisikia mgonjwa ametengewa kona kama mwenye ndui.

Sasa nifike kwenye linalonikosesha usingizi. Siku ya dripu nyumba hujaa. Wifi wapo, majirani wapo, vyungu viko jikoni. Siku ya kumi hayupo mtu. Na kwa dawa nyingi, baina ya siku ya 7 na ya 14 ndipo chembe nyeupe zinaposhuka chini kabisa, mwili ukabaki bila mlinzi. Aliyepewa dawa Jumatatu, siku yake ya kumi ni Jumatano ya wiki inayofuata. Gawaneni zamu kwa kuitazama hiyo Jumatano.

Siku hizo nyumba iwe na kipimajoto. Homa ikifika nyuzi 38, ni hospitali saa ileile, hata kama ni usiku wa manane. Msianze na parasetamoli. Itashusha homa na kuficha hatari. Aliyeko Pemba asingoje meli ya kuja Unguja, aende hospitali iliyo karibu, Mkoani, Chake Chake au Wete, na neno la kwanza mapokezini liwe "yuko kwenye kimo". Kachumbari na urojo wa njiani avipumzishe. Nawe shoga ukiwa na mafua, mpende kwa simu.

Yule msuka ukili alihesabu siku zake vizuri. Usiku wa siku ya 11, karibu saa sita, aligonga mlango wa wodi, mwenzake kamwegemea begani, daftari mkononi: homa 38.6, imepimwa saa tano na robo, hajapewa kitu. Tulimwekea mgonjwa antibaotiki ya mshipani usiku uleule. Akapona, na mzunguko wa dawa uliofuata wakaja wote wawili, na miyaa mipya.