Maktaba ya umma si ya wanafunzi peke yao

Hapa Dodoma ukimwambia mtu unakwenda maktaba, atakuuliza una mtihani gani. Swali hilo limebeba dhana kadhaa, nami naanza na ile inayoniuma zaidi.

Dhana: Maktaba za umma tuliachiwa na Mwingereza.

Alichoacha kilikuwa kidogo. Kuanzia 1948, ofisi ya vitabu ya Afrika Mashariki iliyokuwa Nairobi ilisambaza masanduku ya vitabu na kuwaazima wasomaji kwa njia ya posta. Mtandao wa taifa tuliuanzisha wenyewe. Sheria ya 1963, uhuru ukiwa bado mchanga, iliunda Bodi ya Huduma za Maktaba Tanganyika. Sheria ya 1975 ikaifanya kuwa ya Tanzania. Maktaba Kuu ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, uhuru ulipotimiza miaka sita. Nchi maskini, ambayo watu wake wengi hawakujua kusoma, iliiadhimisha sikukuu yake kwa kufungua nyumba ya vitabu! Kila nikilifikiria hilo najawa na fahari.

Dhana: Maktaba Kuu ilihamia huku pamoja na makao makuu.

Hapana. Uamuzi wa kuhamia Dodoma ni wa 1973, lakini jengo la Maktaba Kuu lipo Dar es Salaam, Mtaa wa Bibi Titi Mohamed. Sisi tuna maktaba ya mkoa, chini ya bodi hiyohiyo.

Dhana: Ni mahali pa wanafunzi.

Jirani yangu, mzee mstaafu, hakuwahi kuingia akidhani ataulizwa kitambulisho cha shule. Laiti angejua kwamba watu wazima kama yeye walifikiriwa tangu mwanzo! Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kampeni ya kufuta ujinga ikafuata. Aliyejifunza kusoma ukubwani asipopata cha kusoma, herufi humtoka kichwani. Ndiyo maana mkulima wa zabibu wa Hombolo na mama muuza mboga wa soko la Majengo wana haki ya kiti pale sawa na mtoto wa kidato cha nne.

Dhana: Mle mna vitabu vya kale tu.

Sheria inamtaka mchapishaji yeyote nchini awasilishe nakala za anachochapisha kwenye bodi. Kwa hiyo hata kijitabu cha historia ya Wagogo kitakachotoka mwaka huu kina nafasi yake kwenye hazina ya taifa, hata kama madukani kitauzwa kikaisha.