Captain Toad haruki, na ubishi wote unaanzia hapo

Hapa bandani kwangu Mwanga, Kigoma mjini, kuna gemu moja ambalo sijaona mtu akilizungumzia kwa upole. Captain Toad: Treasure Tracker. Mmoja anatoka anasema hili la watoto bana, mwingine haachii pedi mpaka umeme ukatike, na hao wawili walikuwa benchi moja wanaangalia kioo kimoja. Ukiingia mitandaoni ubishi ni ule ule toka limetoka, rahisi mno, fupi mno, tamu mno, kamera inasumbua, kamera ndo utamu wenyewe. Mi kazi yangu ni kuchezesha gemu na kutengeneza pedi, kwa hiyo naangalia sana mikono ya watu wakicheza, na naona sababu ya maoni kugawanyika hivi iko kwenye kidole gumba cha kulia. Nitaeleza.

Kwanza kwa ambao hawalijui. Captain Toad ni yule jamaa wa Nintendo, kampuni ya magemu ya Japani, mwenye kichwa cha uyoga, kavaa taa kichwani, kabeba begi kubwa mgongoni. Gemu lake lilianza kama kionjo ndani ya Super Mario 3D World ya 2013, kulikuwa na vileveli vichache vya kwake peke yake, unamzungusha unaokota nyota tano za kijani basi. Watu wakavipenda, Nintendo wakamtengenezea gemu lake kamili kwenye Wii U, mashine yao ya gemu ya wakati huo, Japani na Marekani likatoka mwishoni mwa 2014, Ulaya Januari 2015. Tatizo Wii U yenyewe haikuuza, dunia nzima ziliuzwa mashine milioni 13.56 tu, kwa hiyo wengi tumelijua Julai 2018 liliporudishwa kwenye Switch na 3DS, mashine nyingine za Nintendo. Hata hapa kwangu limekuja kwa njia ya Switch.

Sasa huyu Captain haruki. Begi zito. Anatembea, anakimbia kidogo, anang'oa turnipu, ile mboga ya mizizi, ardhini anarusha, anapanda ngazi, akidondoka kutoka juu akamkanyaga adui adui anakufa. Kuruka hamna kabisa. Hebu fikiria dogo aliyekulia kwenye magemu ya Mario ya kuruka ruka anashika pedi, cha kwanza anatafuta kitufe cha kuruka, anabonyeza vyote, hamna, ananigeukia, "kaka hii pedi mbovu." Pedi nzima mdogo wangu.

Wengi wanaolichukia gemu wanaishia hapo hapo, dakika za mwanzo, na mi siwalaumu maana gemu la kuruka majukwaa bila kuruka linaonekana limepunguzwa kitu. Ila angalia kilichowekwa mahali pa kile kilichotolewa. Kila leveli ni kimji kidogo kinachoelea hewani, kinaenea chote kwenye kioo, na unaweza kukizungusha pande zote, ukasogea karibu, ukarudi mbali. Kuna nyota moja ya kumalizia na vito vitatu vya kuokota. Ukiangalia upande wa mbele unaona ukuta mzima, zungusha nyuma kuna kamlango, zungusha tena utaona kale kamlango kanatokea juu ya paa, na juu ya paa kuna kito ambacho toka mwanzo ulikuwa unakiona nusu tu hujui kinafikiwaje. Kama Captain angekuwa anaruka angeparamia tu ule ukuta wa mbele na nyuma ya nyumba asingefika hata siku moja, na kazi yote ya waliochora ule upande wa nyuma ingepotea. Mnunuzi mzoefu wa dagaa pale Kibirizi haangalii juu ya gunia, anazama na mkono mpaka chini ndo aseme bei, na gemu hili linataka mtu wa namna hiyo.

Ndo tunakuja kwenye kidole gumba.

Pedi zinazoletwa kwangu kutengenezwa, karibu zote zimekufa upande mmoja. Analogi ya kushoto, kile kifimbo cha kuzungusha kwa kidole gumba, raba imelika mpaka plastiki inaonekana, ukiifungua ndani kuna unga wa plastiki, mchezaji anakimbia mwenyewe pembeni ya uwanja bila kuguswa. Analogi ya kulia unaikuta nzima, raba bado ina vile vinundu vyake. Sababu ni mpira, vijana wengi wanacheza mpira asubuhi mpaka usiku na kwenye mpira kidole cha kulia kinashughulika na vitufe vya kupiga na kupasia, ile analogi ya kulia ni ya wachache wanaojua chenga. Sasa mtu kama huyo umpe Captain Toad, gemu ambalo nusu yake nzima iko kwenye analogi ya kulia, unategemea nini? Anatembeza jamaa kwa kushoto, akijificha nyuma ya ukuta anapotea, anainamisha shingo yeye mwenyewe mwili mzima kulia kama vile atachungulia nyuma ya TV, afu anasema kamera mbovu. Nimeona hili mara nyingi sana na kila nikiliona namwambia tu dogo zungusha, kidole cha kulia, zungusha, na akishazoea uso unabadilika. Wale waliotoka kwenye magemu ya kupiga risasi, ambako kidole cha kulia ndo kinalenga, hao hawalalamiki kamera hata kidogo, wanalalamika mambo mengine kabisa. Gemu moja, vidole tofauti.

Sisemi kamera haina kosa. Ina makosa na wanaolalamika kwenye hili wana haki yao. Kwenye vileveli vyenye mahandaki na vyumba vya ndani ukisogea karibu huoni kinachokuja, ukirudi mbali ukuta unaziba, na kuna wakati unakimbizwa huku unatafuta pembe ya kuangalia, hiyo inakera. Na kwenye Wii U kulikuwa na lile la kutingisha, ile pedi yao kubwa yenye kioo ukiisogeza tu mkononi kamera nayo inasogea, mtu ukikaa vibaya kwenye kiti picha inahama. Wachezaji walilipigia kelele sana hili na mi nawaunga mkono, kitu kama kile mchezaji apewe uamuzi wa kukizima. Kwenye Switch nako kuna matofali ya kusukuma kwa kugusa kioo, ukiwa umeishika mkononi safi kabisa unagusa tofali linasogea, ila ukiichomeka kwenye TV inabidi ulenge kwa kielekezi kinachofuata mkono, na hicho kinahama hama. Mi wateja nikiona wamefika leveli za kugusa naitoa kwenye TV nawapa mkononi, wengine wachungulie kwa nyuma.

Haya, kuhusu urahisi. Hili ndo lalamiko kubwa kuliko yote na lina ukweli nusu. Kuifikia nyota tu ni rahisi kweli, leveli nyingi za mwanzo mtu anamaliza kwa dakika chache, na gemu lina leveli zaidi ya 60 kwa hiyo anayekimbilia nyota atasema fupi na hatakuwa muongo. Lakini angalia linavyowekwa. Unamaliza leveli kwanza, NDIPO linakuonyesha kwamba kulikuwa na sharti la ziada, labda kulikuwa na uyoga wa dhahabu umefichwa mahali, labda ulitakiwa umalize bila kuguswa na adui hata mmoja, labda sarafu kiasi fulani. Unarudi kwenye kimji kile kile ulichodhani umekimaliza na sasa unakiangalia kwa jicho lingine. Na kwenye toleo la Switch ukimaliza leveli kuna na kale kakaptani kadogo ka vipikseli, vile vinukta vya picha, kamechorwa ukutani mahali, kadogo kweli, kamejibanza pembe ambayo hukuwahi kuizungushia kamera, na kukapata ni kazi ya macho tupu. Vito navyo siyo pambo, gemu limegawanywa kama kitabu na kuna kurasa hazifunguki mpaka uwe na idadi fulani ya vito, kwa hiyo hata mwenye haraka linamrudisha nyuma kidogo.

Kuna kitu cha bandani hapa ambacho wanaocheza nyumbani hawakioni. Mpira sisi tunalipisha kwa mechi, ila gemu kama hili tunalipisha kwa muda. Mtu akishalipia muda kila sekunde ya kusimama na kuzungusha kamera anaona hela inaondoka, anakimbilia nyota, anaacha vito, na akitoka anasema rahisi. Mtu yule yule Jumapili hakuna foleni, nimemwambia kaa tu, anabaki kwenye leveli moja anatafuta uyoga wa dhahabu mpaka anasahau chai. Kwa hiyo maoni ya mtu kuhusu gemu hili mi kwanza nauliza alilichezea wapi na alikuwa na haraka gani, manake gemu halina haraka hata kidogo.

Na wengine wanalipinga kwa sababu wamechoka na magemu ya kuokota okota, hao nawaelewa vizuri sana. Historia yake iko wazi. Super Mario 64 ya 1996 iliweka nyota 120 na kila nyota ilikuwa na kisa chake, Banjo-Kazooie ya 1998 ikaongeza noti na vipande vya picha, halafu 1999 ikaja Donkey Kong 64 yenye ndizi za dhahabu 201, nyani watano na kila nyani ana ndizi za rangi yake ambazo wenzake hawawezi kuokota, unapita chumba kile kile mara tano kwa ajili ya nyani watano. Watu walichoka pale. Captain Toad anakuokotesha pia, ila vitu vitatu kwenye kamji kadogo ambako ukirudi nyuma ni hatua chache, na kila kito kimewekwa kama swali. Hapo ndo mi nalipa maksi nyingi. Kitu kikiokotwa bila kufikiri ni kazi ya kufagia, kitu kikikufanya uulize "sasa nakifikiaje" tayari umepewa fumbo, na humu vito vingi ni vya aina ya pili.

Mfano ninaoupenda ni wale maadui wa tofali lenye jicho. Limesimama mlangoni, ukienda kushoto linateleza kushoto linakuziba, ukienda kulia linakufuata kulia, halikupigi halikukimbizi, linakuziba tu. Dogo mmoja hapa alihangaika nalo anapiga chenga za mpira kabisa, anajifanya anaenda huku anageuka, wapi. Kuna leveli zina cheri ambayo ukiila mnakuwa Captain wawili, mnatembea pamoja kwa analogi moja, na vitufe vya kukanyagwa na watu zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja, na hapo inabidi mtu ahesabu nani atafika wapi ukimsogeza nani, maana ukuta ukimzuia mmoja mwenzake anaendelea. Hakuna mahali gemu limeandika maelezo marefu ya namna ya kufanya. Dogo akagundua mwenyewe, akapiga kelele mpaka wa nje wakaingia.

Kwenye mabosi, wale maadui wakubwa, nitakuwa mfupi kwa sababu hapo hamna cha kutetea. Lile ndege kubwa na lile joka la kwenye lava mara ya kwanza wanapendeza, afu wanarudi wale wale na mnara ule ule umeongezwa ugumu kidogo, mtu anaona kabisa hapa walikosa muda au wazo. Wachezaji wanaosema hivyo wako sahihi.

Nani analipenda sasa? Mi nilichokiona ni kwamba linavuta watu ambao gemu zingine zinawafukuza. Dada yangu mkubwa huja kunifungia hesabu jioni, huwa hagusi pedi kwa sababu anasema kila kitu kinakimbia. Hili alikaa. Kwenye Switch mtu wa pili anaweza kusaidia kwa kurusha turnipu kuzuia maadui, kwa hiyo mwanae anatembea, mama anarusha, na wanabishana, "mama siyo huko," "we zungusha kwanza nione," ni raha kuwaangalia. Kwa wataalamu wanaosema halina moto, nawaelekeza mwisho kabisa, kuna leveli ya maficho yenye ghorofa 50 unazopanda mfululizo huku sanamu la maiti lililofungwa vitambaa linafuata hatua zako mwenyewe, kila ulipopita litapita, ukirudi nyuma umekutana nalo. Pale sijasikia mtu akisema la watoto.

Kwa anayetaka kulinunua, toleo la Switch limeondoa zile leveli zilizotoka Super Mario 3D World na kuweka nyingine za miji ya Super Mario Odyssey, gemu lingine la Mario, na zile leveli za nyongeza za 2019 zinalipiwa pembeni, kwa hiyo ukiuziwa kadi ya gemu iliyotumika usidhani inakuja nazo. Bei lilipotoka Marekani ilikuwa dola 39.99, chini ya magemu makubwa ya Nintendo, muuzaji akikutajia bei ya gemu jipya kabisa bishana naye. Na kama una 3DS ya zamani inayoonyesha kina bila miwani usiidharau, kile kioo kidogo kinakuonyesha kabisa kito kipi kiko mbele na kipi kiko nyuma ya ukuta, kitu ambacho kwenye TV yangu ya bandani hukijui mpaka uzungushe.