Kinga ya angani ya misafara ya meli: Mfereji wa Uingereza, 1940

Msafara wa meli ni kundi la meli za mizigo zinazosafiri pamoja zikisindikizwa na manowari. Katika bahari kuu adui wake mkubwa ni nyambizi. Ukipita mbele ya pwani iliyotekwa na adui, hatari inatoka juu, na hapo ndipo inapohitajika kinga ya angani: ndege za kivita zinazoulinda, ama kwa kuzunguka juu yake, ama kwa kukaa tayari uwanjani zikingoja amri.

Mwaka 1940, katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Ufaransa iliposhindwa na Ujerumani, ndege za Ujerumani zilihamia viwanja vilivyo jirani na Mfereji wa Uingereza, bahari nyembamba iliyo kati ya Uingereza na Ufaransa. Shabaha zao za kwanza hazikuwa meli kubwa za kifahari. Nyingi zilikuwa meli ndogo za makaa ya mawe, nzito na za mwendo wa polepole. Kwa nini zisibaki bandarini? Kwa sababu viwanda vya umeme na gesi kusini mwa Uingereza vilitegemea makaa hayo, na reli peke yake isingeweza kuyabeba yote. Mabaharia wa meli hizo hawasifiwi inavyostahili.

Ugumu wa kuwalinda ulikuwa uchache wa dakika. Mlango wa Dover, mahali pembamba zaidi pa Mfereji huo, una upana wa kilomita 33 hivi; ndege iliyotoka Calais, upande wa Ufaransa, iliuvuka kwa dakika chache. Rada iliweza kuwaona Wajerumani wakijikusanya juu ya Ufaransa, lakini Spitfire au Hurricane, ndege za kivita za Uingereza, ilihitaji muda kupanda hadi kimo cha kupigania. Ilibidi basi doria ikae juu ya msafara mchana kutwa. Mara nyingi ndege chache za Uingereza zilikutana na kundi kubwa la Wajerumani, huku ndege zao za kivita, Messerschmitt 109, zikiwa zimewatangulia Waingereza kwa kimo na jua likiwa mgongoni mwao. Na rubani wa Kiingereza aliyeruka kwa mwavuli akaangukia baharini alikuwa hatarini kufa maji, maana huduma ya uokoaji ilikuwa bado changa.

Usiku wa kuamkia Agosti 8, msafara wa CW9 ulijaribu kupenya Dover gizani. Rada ya Wajerumani iliugundua. Kabla ya mapambazuko boti za Kijerumani za torpedo, yaani kombora linalopita majini, ziliushambulia, na kulipokucha zikafuata Stuka, ndege za Kijerumani za kudondosha mabomu, karibu na kisiwa cha Wight. Meli Borealis, iliyokuwa ikivuta puto la kuzuia ndege zisishuke chini, ilizamishwa. Meli za mizigo zilizofika bila kuguswa zilikuwa chache sana, ingawa marubani wa Hurricane walipigana vikali siku hiyo.

Watu hupenda kuhesabu ndege zilizoangushwa. Kwa msafara hesabu hiyo inapotosha. Stuka ililenga kwa kupiga mbizi moja kwa moja juu ya meli; ikisumbuliwa ikaachia bomu mapema, bomu liliangukia majini na makaa yalifika, hata kama hakuna rubani aliyeandikiwa ushindi.