Ukisaini fomu ya majaribio ya dawa, bado unaweza kujitoa

Kuanzia Newala hadi Kilwa, wapo wengi wanaoamini kwamba mtu akishaweka saini au dole gumba kwenye fomu ya majaribio ya dawa, amefungwa mpaka mwisho. Wasiwasi huo unaeleweka: korosho ikishapokewa ghalani, hairudi shambani.

Ridhaa ya utafiti ni tofauti. Azimio la Helsinki, mwongozo wa kimataifa wa maadili ya utafiti wa tiba kwa binadamu, lililopitishwa mwaka 1964 na kurekebishwa mara kadhaa, linampa mshiriki haki ya kujitoa wakati wowote bila kuadhibiwa. Wala hatakiwi kunyimwa matibabu yake ya kawaida. Ila usiondoke kimya. Dawa nyingine zina hatari zikikatishwa ghafla, na taarifa zako zilizokwisha kukusanywa huenda zikabaki. Hilo uliulizie mapema.

Unaweza kuhakiki mwenyewe. Omba nakala ya fomu, nenda nayo nyumbani, isomeni pamoja na mtu unayemwamini. Tafuta namba ya kibali cha kamati ya maadili, yaani ile inayokagua utafiti ili kuwalinda washiriki, pamoja na simu ya kamati yenyewe, si ya mtafiti peke yake. Asiyejua kusoma anastahili shahidi asiye upande wa watafiti. Na swali ambalo wengi hulisahau: nikidhurika, nani atagharimia matibabu?