Pipi moja moja kutwa nzima haiyaokoi meno

Msimu wa sikukuu wazazi wengi humgawia mtoto pipi moja kila baada ya saa, wakiamini kidogo kidogo haidhuru. Kwa meno, ni kinyume. Bakteria wa kinywani hugeuza sukari kuwa asidi ndani ya dakika chache, na mate huhitaji nusu saa au zaidi kuizimua. Pipi nne baada ya mlo ni shambulio moja. Zikitawanywa kutwa ni mashambulio manne, na jino halipati nafasi ya kujirekebisha. Tofi na pipi za kumung'unya ndizo mbaya zaidi, kwani sukari hukawia mdomoni. Chokoleti huyeyuka ikapita.

Basi wapeni vitamu pamoja na chakula, mate yakiwa mengi, kisha maji. Pipi zikiwa chachu, ngojeni nusu saa kabla ya mswaki. Dawa ya meno iwe na floridi, madini ya kuimarisha meno, kwa kiasi hiki: punje ya mchele kwa aliye chini ya miaka 3, ya njegere kwa mkubwa wake.

Hiyo si ruhusa ya kula bila kipimo: Shirika la Afya Duniani hushauri sukari ya kuongezwa, pamoja na ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Na pipi ngumu kwa wadogo wa chini ya miaka 4? Hapana kabisa, huwakaba.